Sarah Alikuwa Mtoto Tu

Kuna wasichana wawili katika msimu wa pili wa gemu ya The Walking Dead. Mmoja ana miaka 11, anaitwa Clementine, na ukitaja jina lake mbele ya watu wa gemu utasikia sauti zikilainika. Mwingine ana miaka 15, anaitwa Sarah, anavaa miwani, na ukimtaja utasikia watu wakisonya. Nimekaa na wachezaji wengi kwenye vibanda vya PlayStation hapa Nairobi, na nimewatazama wengine YouTube wakijirekodi. Clementine akiumia, mtu anaweka pedi chini apumue kidogo. Sarah akilia, mtu huyo huyo anasema, "Aaa, huyu naye! Si afe tu tuendelee."

Nataka kuandika juu ya hiyo "si afe tu". Manake gemu ilituandaa tuiseme, na sidhani ilituandaa peke yake.

Kwa wale ambao hawajaicheza: studio ya Telltale Games ya California ilitoa msimu wa kwanza mwaka 2012, sehemu tano, moja moja, kuanzia Aprili hadi Novemba. Ulimwengu ni ule wa vibonzo vya Robert Kirkman. Wafu wameamka, wanatembea, wanakula watu, na serikali haionekani popote. Risasi zipo, lakini si kiini. Hii ni gemu ya kuigiza: unavaa nafsi ya mhusika, mtu anakuuliza jambo, unapewa sekunde chache za kuchagua jibu, na ukinyamaza, kunyamaza nako ni jibu. Sehemu ikiisha, kama uko kwenye intaneti, unaonyeshwa ni asilimia ngapi ya wachezaji wengine walichagua kama wewe. Kwa hivyo dhambi zako unazibeba pamoja na watu usiowajua.

Katika msimu huo wa kwanza wewe ni Lee Everett, mwalimu wa historia wa chuo kikuu huko Georgia, Marekani, ambaye yuko njiani kupelekwa gerezani kwa kumuua mwanamume aliyetembea na mke wake. Gari la polisi linapata ajali, Lee anatoroka, na kwenye nyumba moja anamkuta Clementine, miaka 8, aliyejificha kwenye kijumba cha juu ya mti. Wazazi wake walisafiri Savannah na hawajarudi. Kuanzia hapo kazi yako ni moja tu: huyu mtoto.

Kazi yenyewe inafanywa kwa ujanja. Unapofanya jambo zito mbele yake, maandishi madogo yanatokea kwenye skrini kukuambia kwamba Clementine atalikumbuka hilo. Basi. Hakuna alama unazopewa wala unazokatwa. Lakini yale maneno machache yalibadilisha watu. Nimeona wasee wagumu, watu wa kuiba magari kutwa kwenye GTA, wakiongea kwa adabu kwa sababu katoto ka kuchorwa kanawaangalia. Katika sehemu ya pili kundi linaalikwa chakula na familia moja ya wafugaji, na nyama iliyoko mezani ni ya mwenzao. Ukichelewa kupaza sauti, Clementine anatia kinywani. Hapo unaelewa kazi yako ni ipi: asile, asione, asijue.

Halafu, sehemu ya tatu, ndani ya treni, gemu inageuza mambo. Mzee mmoja asiye na makao, Chuck, anamwambia Lee wazi kwamba akiendelea kumlea hivi mtoto atakufa. Lee anamkata nywele zisije zikashikwa na zombi, kisha anamfundisha kupiga bastola. Ni sehemu nzuri, imejaa upendo, na nani atabishana na Chuck? Lakini angalia kilichotokea. Swali lilikuwa "tutamlindaje abaki mtoto?" Sasa limekuwa "utoto wake tuumalize kwa kasi gani?" Na tukalipokea kama mapenzi. Mwishoni Lee ameumwa, anakufa, na ni yeye, yaani wewe, anayemwambia mtoto ampige risasi au amwache aende. Gemu hii ilipewa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye Spike Video Game Awards 2012, na sishangai.

Msimu wa pili ulianza Desemba 2013, na sasa Lee hayupo. Wewe ndiye Clementine.

Wengi wanakumbuka kile kidonda. Mapema tu msimuni mbwa anamuuma mkono. Watu wazima wanaomkuta porini wanadhani ameumwa na zombi, wanamfungia bandani usiku kucha wangoje waone kama atageuka. Kati yao kuna daktari, Carlos, ambaye anakataa kumshona. Kwa hivyo Clementine anatoroka, ananyemelea ndani ya nyumba yao, anapata sindano na dawa, anarudi bandani na kujishona mwenyewe. Gemu haikukatii picha. Ni wewe unayesukuma sindano, kwa pedi yako, mshono baada ya mshono, huku mtoto akipiga mayowe. Hakuna kitufe cha kumfanya aketi na kulia mpaka mtu mzima aje. Nilitafuta.

Kuanzia hapo watu wazima wale wale waliomfungia wanaanza kumtuma. Clementine, pita hapo uangalie. Clementine, kaongee na fulani. Clementine, unaonaje? Mzozo wa mwisho wa msimu ni kati ya Kenny na Jane, watu wazima wawili wanaopigana kwenye theluji kwa kisu, na anayeachiwa kuamua ni mtoto wa miaka 11 mwenye bastola.

Kuna lawama iliyozoeleka juu ya msimu huu, kwamba haiaminiki. Ati haiwezekani kundi zima la watu wazima liwe linamtegemea mtoto kwa kila kitu, ni uvivu wa waandishi. Mimi nasema hilo ndilo jambo la kweli zaidi katika gemu nzima. Zombi ndio siwaamini. Mtu mzima anayemtwika mtoto mzigo wake halafu anamsifu kwa jinsi anavyoubeba, huyo namjua, na wewe unamjua.

Mimi ni kifungua mimba. Siku mdogo wangu alipozaliwa nilikuwa na miaka tisa, na nikaambiwa, "Sasa wewe ni mkubwa." Kumbe ukubwa ulikuwa ni kuamka, kufua, kusikia siri za pesa ambazo hazikunihusu, na kusuluhisha watu walionizaa. Nilipotoka chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, jamaa wote walinisifu: ameichukua kikomavu sana. Hakuna aliyeuliza kama nililala usiku ule. Ukishaitwa mkomavu, swali kama hilo halikuhusu tena. Sisemi hivi nihurumiwe. Nasema kwa sababu najua ni kwa nini kizazi chetu kinampenda Clementine hivi. Wengi wetu tunamtazama akijishona tunasema, huyo ni mimi.

Lakini kama Clementine ni sisi, Sarah ni nani?

Sarah ni binti wa yule daktari. Babake amemficha kila kitu. Carlos mwenyewe anamwambia Clementine kwamba Sarah si kama yeye, kwamba akijua ulimwengu umeharibika kiasi gani hataweza kuendelea. Sarah anataka kupiga picha. Anataka rafiki. Kubwa kuliko yote, na ambalo sisi wachezaji tunalisahau haraka, ni kwamba usiku ule wa kidonda, wakati watu wazima wote wamekataa, Sarah ndiye anayekubali kumsaidia Clementine kupata dawa ya kusafishia jeraha. Malipo anayoomba ni kidole kwa kidole na ahadi ya urafiki. Hajui kama Clementine ni hatari au la. Mtoto ameona mtoto ameumia.

Carlos anauawa, na katika sehemu ya nne tunamkuta Sarah ndani ya nyumba ndogo ya trela, amejikunja, akili imeganda, zombi wanagonga ukutani. Unaweza kumsihi, unaweza kumzaba kofi, unaweza kumwacha. Ukimwacha analiwa. Ukimwokoa anaishi kidogo tu, kisha katika sehemu hiyo hiyo roshani ya mbao inaporomoka, anabanwa chini ya vifusi na analiwa vilevile. Gemu iliyojengwa juu ya uamuzi wa mchezaji haikukuachia uamuzi wowote ambao unamfikisha msichana huyu sehemu ya tano.

Hapo ndipo naigombeza. Najua wahusika wengine pia wanakufa hata ukiwaokoa, ndiyo desturi ya Telltale. Lakini ukiwaweka wasichana wawili pamoja, mmoja aliyefundishwa bastola akiwa na miaka minane na mwingine aliyelindwa, kisha ukamuua aliyelindwa kwa kila njia, umetoa hoja. Umesema utoto ni ugonjwa, na asiyepona mapema atakufa nao. Gemu inamwacha Sarah achukiwe kwanza ndipo afe: analia wakati mbaya, anachelewesha watu, anaganda. Kwa hivyo anapokufa hatumwombolezi, tunapata nafuu. Ile "si afe tu" ya kibandani haikutoka kwa watu wakatili. Ilitoka kwa watu ambao walinyimwa nafasi ya kuwa Sarah, na hawawezi kumvumilia aliyeipata.

Labda waandishi wenyewe waliliona hilo, kwa sababu msimu wa mwisho, ulioanza 2018, ni kama majibu. Clementine sasa ni msichana mkubwa anayemlea AJ, mtoto mdogo wa umri wa chekechea. Wanafika kwenye shule ya bweni ambayo walimu walitoroka wafu walipoamka wakaacha wanafunzi wajitegemee. Watoto watupu. AJ amefundishwa vizuri, kama Clementine alivyofundishwa na Lee: piga kichwa. Na mwisho wa sehemu ya kwanza anampiga risasi kijana Marlon ambaye alikuwa ameshajisalimisha. Watoto wengine wanabaki wamemkodolea macho. AJ haelewi kosa lake ni lipi. Amefanya somo alilofundishwa.

Kwa mara ya kwanza gemu inakubali kwamba mtoto aliyekomaa kabla ya wakati hakukomaa, amejifunza kazi tu. Kubonyeza anajua, lini asibonyeze hajui, na hilo la pili huchukua miaka na mtu wa kukaa nawe. Katika sehemu ya mwisho unaulizwa kama unamwamini AJ afanye maamuzi magumu peke yake. Ukisema ndiyo, kwenye daraja anampiga risasi mtoto mwenzake, Tenn, ili rafiki yenu mwingine apone. Ukisema hapana, Tenn anaishi na yule mwingine anakufa. Hakuna jibu safi. Lakini swali lenyewe ni tofauti na la Chuck. Chuck aliuliza kama mtoto anaweza kuishi. Hili linauliza ni mzigo gani haumhusu mtoto hata kama anauweza.

Hata gemu yenyewe nusura iachwe njiani. Septemba 2018 Telltale iliwafuta kazi wafanyakazi wake karibu wote, hadithi ikiwa katikati, na ikabidi kampuni ya Skybound iingilie na baadhi ya waliofutwa kuimaliza Machi 2019. Clementine mwishowe anabaki hai, akiwa na mguu mmoja na mikongojo, shuleni, kati ya watoto. Hawezi tena kutumwa kila mahali. Nilipoona hivyo nilifurahi kuliko nilivyofurahia ushindi wowote wa gemu.

Ukiwa na nafasi, rudia msimu wa pili. Ukifika kwenye ile trela, usikimbilie kitufe cha kumwacha. Najua atakufa dakika chache baadaye, nimeshakuambia. Msihi hata hivyo. Na jirani yako kibandani akisonya aseme si afe tu, mkumbushe nani alimsaidia Clementine kupata dawa.