Kupima Mafunzo ya Mchezo Uliochezwa Mitaani Amsterdam

Mchezo wa simu unaotegemea mahali ni ule ambao programu yake, ikifuata mawimbi ya setilaiti yanayoonyesha alipo mchezaji, humfungulia kazi pale tu anapofika katika eneo husika. Ukitumiwa kufundishia urithi wa kitamaduni, mtathmini hulazimika kutenganisha kilichofundishwa na mchezo na kilichofundishwa na mahali penyewe. Mfano wa kuchambuliwa ni Frequentie 1550, uliobuniwa na taasisi ya Waag Society ya Amsterdam, Uholanzi, na kujaribiwa kwanza mwaka 2005. Katika kila kikundi, baadhi ya wanafunzi wa sekondari walizunguka mjini na simu huku wenzao wakiwaongoza kutoka makao makuu kwa ramani ya kompyuta, na katikati ya siku walibadilishana nafasi. Wote walitafuta pointi 366, idadi iliyotokana na sheria ya Zama za Kati iliyomtaka mgeni akae mjini mwaka mmoja na siku moja ndipo apate uraia: ubunifu wa kusifiwa, kwani sharti la ushindi lenyewe ni historia.

Tathmini ya Jantina Huizenga na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2009, ilihusisha wanafunzi 458 wa madarasa 20, ambapo madarasa 10 yalicheza na 10 yakasoma mada hiyo kwa masomo ya kawaida ya mradi. Waliocheza walijua zaidi kuhusu Amsterdam ya kale, lakini motisha yao kwa somo la historia haikutofautiana kitakwimu na ya wenzao. Uchambuzi wa mwaka 2011 ulipima pia mtiririko, yaani hali ya kuzama katika shughuli hata kusahau muda, ukaonyesha kwamba hali hiyo iliboresha matokeo ya mchezo bila kuongeza maarifa. Waliojifunza zaidi ni wale ambao hawakukengeushwa, pamoja na wale waliojali ushindani. Kwa hiyo hojaji ya furaha inayogawiwa mwishoni mwa mchezo, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote, haithibitishi kujifunza.

Hata hivyo, mchezo mzima ulilinganishwa na masomo ya kawaida, hivyo matembezi, ushindani na simulizi vilipimwa kwa mkupuo. Ili mchango wa mahali ujulikane, lahitajika kundi la tatu linalopita mitaa ileile na mwongozaji, bila simu wala pointi, kisha makundi yote yapewe jaribio lilelile, na lirudiwe baada ya miezi kadhaa.