Tundu Lililoachwa Wazi: Lubugo Mikononi mwa Michael Armitage

Mchoraji anayenunua kanvasi dukani hununua kimya. Kitambaa kimefumwa kwa mtande na mshindio, kimevutwa sawasawa kwenye fremu, kimepakwa rangi nyeupe, na hakina neno mpaka brashi ikiguse. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea sanaa London, alikiacha kimya hicho. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa anapaka rangi ya mafuta juu ya lubugo, nguo ya gome ya Waganda. Wengi wanaomsifu huishia kusema kwamba lubugo inampa Uafrika. Mimi naona sifa hiyo ni ya uvivu. Uafrika haushiki rangi. La kuuliza ni gome linamfanyia nini mchoraji, na linamnyima nini.

Tuanzie kwenye mti. Lubugo hutokana na mutuba, mti wa jamii ya mkuyu. Msimu wa mvua fundi hulichana gome, akalibandua likiwa zima, kisha akalivika shina majani ya mgomba ili lisikauke na gome jingine lipate kuota. Lile lililobanduliwa hupigwa kwa nyundo za mbao zilizochongwa mifereji, mipana kwanza, myembamba baadaye, hadi lilainike na kutanuka. Kazi hii hufanyika bandani, kwa sababu jua likiliwahi, gome hukauka kabla halijawa nguo. Ni baada ya hapo tu ndipo huanikwa, nalo jua huligeuza rangi ya chungu kilichochomwa. Ufundi huu, ambao kwa desturi ni wa ukoo wa Ngonge, ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 na kuingizwa kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2008.

Tazama kilichotokea hapo: hakuna uzi uliofumwa. Nyuzi za gome zimelala ulivyotaka mti, hapa zimesongamana, pale zimeachana. Fundi cherehani atalielewa jambo hili haraka. Ni kama kitambaa kilichokatwa hanamu, kila upande unavutika kwa kadiri yake. Ukiivuta lubugo kwenye fremu kama unavyovuta kanvasi, inajikunja kwenye kona moja na kulegea kwenye nyingine. Ina matundu. Ina mishono pale fundi alipoziba palipopasuka, na mingine pale vipande viwili vilipounganishwa ili kupata nguo kubwa. Kwa hiyo kabla Armitage hajachora mstari wa kwanza, tayari mbele yake pana ramani yenye mabonde, makovu na njia.

Anachokifanya na ramani hiyo ndicho kiini cha kazi yake. Haifichi. Mshono unaokatiza katikati ya picha anauacha ukatize, hata ukipita juu ya mwili wa mtu, na jicho lako linaufuata kama linavyofuata mstari wa kalamu. Tundu anaweza kuliacha wazi kabisa, ukaona giza la nyuma ya picha katikati ya mandhari yenye majani na maji. Rangi nayo haikai kwa unene mmoja. Mahali fulani ni nyembamba mno, mithili ya rangi ya maji, na gome linaonekana chini yake. Mahali pengine imerundikwa, ikakwanguliwa, ikapakwa upya, na kila ikikwanguliwa hubaki kwenye mikunjo ya gome na kutoka kwenye vilele vyake. Juu ya kanvasi laini athari hiyo ingebidi uiigize. Hapa inakuja yenyewe.

Gharama yake ni kwamba mchoraji hawezi kupanga picha yote kichwani kisha akaihamisha. Umbo analoliwaza linaweza kuangukia kwenye tundu, na hapo ama umbo linasogea ama linakubali kutobolewa. Zitazame picha alizozionyesha Venice mwaka 2019, zilizotokana na uchaguzi wa Kenya wa 2017 na mkutano wa upinzani alioushuhudia Uhuru Park. Umati unatulia vizuri juu ya lubugo, maana umati nao haunyooki. Kwa maoni yangu, mada na gome havijawahi kukubaliana zaidi ya pale.

Kuna jambo la historia ambalo sisi wa pwani hatuna budi kulikumbuka. Kilichoipunguzia lubugo soko lake katika karne ya 19 ni nguo ya pamba, iliyofika Buganda kwa misafara ya wafanyabiashara kutoka huku kwetu. Pamba iliyoitwa amerikani ilikuwa ndani ya mizigo ya misafara hiyo. Pamba ikalifukuza gome miilini mwa watu, na gome likabaki zaidi kwa maziko na sherehe za kifalme. Armitage mwenyewe alikutana nalo kwenye soko la watalii Nairobi, limekatwakatwa kuwa vitambaa vidogo vya meza. Leo gome linaishika nafasi ya kanvasi, na kanvasi nyingi ni pamba ileile.

Si yeye peke yake anayelitumia. Sanaa Gateja wa Uganda hushona juu yake maelfu ya shanga za karatasi zilizoviringwa kwa mkono. Kwake lubugo ni mbebaji: kazi yake ni kuustahimili uzito, na inaustahimili, lakini yenyewe karibu yote hufunikwa. Ni njia halali, na shanga zake nazipenda. Ila ukitaka kulisikia gome lenyewe likibisha, nenda kwa Armitage.

Nina shaka moja. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani ya rangi huzichakaza nyuzi za mimea yanapozigusa moja kwa moja, ndiyo maana kanvasi hupakwa gundi kwanza. Lubugo hunywa, na wahifadhi wa makumbusho watakaozirithi picha hizi watakuwa na kazi.

Ukipata nafasi ya kusimama mbele ya mojawapo, usianze na nyuso. Simama pembeni, mwanga ukipiga kimshazari, uitafute mishono kwanza.