Vidole Gumba Viwili

Rimoti ya droni ina vijiti viwili tu. Katika mpangilio unaotumiwa na marubani wengi, kijiti cha kushoto kikisukumwa mbele ndege hupanda, kikivutwa nyuma hushuka. Kikilazwa pembeni, pua hugeuka huku ndege ikibaki pale pale. Cha kulia huipeleka mbele, nyuma, kulia na kushoto. Maelezo yameishia hapo. Mtoto wa darasa la nne atayakariri kabla chai haijapoa, kisha atahitaji majuma kadhaa kuvifundisha vidole vyake kuyatii.

Werevu wenyewe umo ndani ya mashine. Droni ya kawaida ina mapangaboi manne, wala haina usukani au mkia wa kuiongoza. Kila inachofanya hutokana na tofauti ya kasi baina ya mota zake. Mbili za nyuma zikizidi, ndege huinamisha pua na kwenda mbele. Za kushoto zikizidi, hulalia kulia. Kugeuza pua ndiko kunakopendeza zaidi. Mapangaboi mawili yanayotazamana kwa mshazari huzunguka kufuata mishale ya saa, mawili mengine kinyume chake, na kila moja hutaka kuupindua mwili wa ndege kwenda upande usio wake. Yakiwa sawa, nguvu hizo huuana. Jozi moja ikiongezwa kasi na ya pili ikipunguzwa kwa kiasi hicho hicho, ndege hujigeuza papo hapo, haipandi wala haishuki.

Huko Ufaransa mwaka 1907, ndugu Louis na Jacques Breguet pamoja na Charles Richet waliinua kutoka ardhini chombo chenye rafadha nne, na watu wanne wakalazimika kukishika pembeni kisipinduke. Leo kazi ya watu hao hufanywa na vihisio vidogo kuliko ukucha, vinavyoiwezesha kompyuta ya ndege kurekebisha mwendo mamia ya mara kwa sekunde.

Mkaazi wa Makupa, kisiwani Mombasa, anayetaka kuujua ufundi huu hukutana na sheria kabla hajakutana na upepo. Kanuni za Kenya za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, zinataka droni isajiliwe, isipite futi 400 juu ya ardhi, na isisogee chini ya mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyohusika. Tena, bila idhini, hairuhusiwi kuruka ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa wa ndege. Kutoka Makupa hadi Uwanja wa Ndege wa Moi, kwa mstari ulionyooka, kilomita hizo hazitimii. Karibu kisiwa kizima kimo ndani ya duara hilo, na bandari ya Kilindini iko jirani.

Kwa hiyo mwanagenzi huanzia sebuleni. Wapo wanaotumia programu ya kompyuta inayoiga urukaji, na wapo wanaonunua kidroni cha ukubwa wa kiganja kisichokuwa na GPS. Hicho cha pili, kinachodharauliwa kama kitu cha kuchezea, ndicho mwalimu bora. Droni ya bei kubwa ukiachia vijiti husimama yenyewe angani. Kidroni hiki hakisamehe: ukiachia, kinaendelea kuteleza hadi pazia likidake. Zoezi la kwanza ni kukisimamisha mahali pamoja, usawa wa macho, na hapo ndipo mtu hutambua kwamba kutulia hewani ni kazi isiyokoma. Anayeanza husukuma kijiti kwa nguvu, halafu hukirudisha kwa nguvu zaidi. Fundi hukigusa tu.

Kisha pua inageuzwa imwelekee rubani, na kila alichojifunza kinapinduka. Kulia kwa ndege sasa ni kushoto kwake. Madereva wa trela wanaopita Makupa kwenda bandarini wanaujua mtihani huu: wakirudi nyuma, usukani huzungushwa kinyume cha upande ambao trela inatakiwa kwenda, na mikono hubisha mpaka izoee. Wapo wanaojaribu kuhesabu kichwani, kushoto ni kulia, kulia ni kushoto. Hesabu hiyo huchelewa, na ndege haingoji. Kinachofaa ni kuihamisha akili, ikae ndani ya ndege na kutazama mbele pamoja nayo. Nambari nane ikichorwa hewani polepole, pua ikitangulia kila kona, utajua nani ameshahamia humo na nani bado amekaa kwenye kiti.

Mtu atauliza: ya nini yote haya, ikiwa kompyuta inaweza kuruka yenyewe? Zanzibar ilianza mwaka 2016 kupiga picha za ramani za Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zenye mabawa, zikifuata mistari iliyopangwa mapema. Hata hivyo kuna mtu aliyechagua uwanja wa kutua, akasoma mawingu, akaamua lini safari iahirishwe. Na hiyo kompyuta huchanganyikiwa pia. Dira yake hudanganywa na chuma, na Makupa haikosi chuma: makontena, reli, na nondo zilizomo katika daraja lililofunguliwa mwaka 2022 kuchukua nafasi ya tuta la zamani lililozuia maji ya bahari. Dira ikipotoka, ndege huanza kuzunguka kama inayotafuta njia, na rubani aliyezoea kuachia vijiti hana la kufanya.

Uwanjani, nje ya duara la kilomita 10, upepo huingia darasani. Kosa la wengi ni kwenda na upepo kwanza, maana ndege inakimbia vizuri na betri inaonekana kutosha, kisha kurudi wakipambana nao kwa chaji iliyobaki. Mabaharia wa pwani hii walipanga safari zao kwa kusi na kaskazi muda mrefu kabla ya betri, na kipimo chao bado kinafaa: katika Julai ya kusi, ndege itangulizwe kusini, Januari, kaskazini, ili wakati wa kurudi ndege ibebwe na upepo.