Kumulikwa au Kuvuma? Juu ya Tafsiri ya Msemo Mmoja wa Kiingereza, pamoja na Ushahidi wa Biashara Street

Msemo wa Kiingereza "in the limelight" huonekana mwepesi kutafsiri mpaka ufikishwe ndani ya sentensi. Maana yake inajulikana: mtu aliye katika hali hiyo anatazamwa na kuzungumzwa na umma. Wafasiri wa habari wamezoea kuandika "kuwa kwenye mwangaza" au, kwa kufupisha, "kumulikwa". Tafsiri zote mbili zinaitunza taa na kuipoteza maana, na ya pili yaweza kumgeuza msifiwa akawa mshukiwa. Jambo hili si la mapambo ya lugha tu. Kiongozi au mwimbaji anayeandikwa kuwa "amemulikwa" atasomwa na msomaji wa pwani kuwa kuna jambo lake lililofichuliwa.

Yafaa kwanza kuikumbuka taa yenyewe. Chokaa, ikiunguzwa kwa ndimi za moto wa oksijeni na haidrojeni, hutoa mwanga mweupe mkali mno. Thomas Drummond aliutumia katika kazi ya upimaji wa ardhi huko Ireland katika miaka ya 1820, na mnamo 1837 uliwashwa katika ukumbi wa michezo wa Covent Garden, London. Baadaye umeme uliuondoa jukwaani, lakini msemo ulibaki, na Mwingereza wa leo anautumia bila ya kukumbuka chokaa. Mfasiri atakayeandika "mwanga wa chokaa" atampeleka msomaji wa Mombasa kwenye kuta za nyumba za Mji wa Kale, au kwenye kijaluba cha tambuu.

Lugha nyingine hazikuhangaika na chokaa hiyo. Filamu ya Charlie Chaplin yenye jina hilo, iliyotoka mwaka 1952, iliitwa kwa Kifaransa "Les Feux de la rampe", kwa Kijerumani "Rampenlicht", kwa Kiitaliano "Luci della ribalta", na kwa Kihispania "Candilejas". Majina yote manne yanataja taa zinazopangwa ukingoni mwa jukwaa, mbele ya miguu ya waigizaji. Wafasiri hao walibadili taa wakabakiza jukwaa, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu wenye lugha hizo walikuwa na desturi ile ile ya kuketi gizani na kumtazama mtu mmoja aliyewashiwa taa. Desturi hiyo siyo iliyoyalea maneno ya Kiswahili yahusuyo umaarufu.

Katika Kiswahili mwanga una kazi zake. Kumpa mtu mwangaza ni kumwelewesha. Aliyepata mwangaza juu ya jambo amelifahamu, hajawa maarufu. Tena neno "mwanga" lina pacha wake wa usiku, yule mchawi, ambaye hakuna apendaye kufananishwa naye. Ama "kumulika", hilo ni kutafuta au kufichua kilichojificha. Methali inayomtaka amulikaye nyoka aanzie miguuni pake ni onyo kwa mwenye kuchunguza wengine. Simu ndogo zenye tochi zilipoenea Afrika Mashariki, watu walizibandika jina la "mulika mwizi", na hakuna aliyehitaji maelezo.

Umaarufu wa Waswahili umepitia zaidi masikioni. Mtu huvuma, husikika, hutajika, jina lake hutangaa. Ajitafutiaye sifa anajipigia debe. Siwa za Lamu na Pate, moja ya shaba na moja ya pembe ya ndovu, zilipigwa katika sherehe za wenye daraja, na mji ukajua nani ametukuzwa hata kabla ya kumwona. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa baina ya 1776 na 1840, yalikaa midomoni mwa watu miaka mingi kabla ya William Hichens kuyatoa kitabuni mwaka 1940. Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa navyo vilishindana hadharani kwa mavazi pamoja na nyimbo, kwa hiyo jicho halikukosa fungu lake. Lakini mavazi hayachomi kama fumbo lililoimbwa. Neno "kuvuma" lina faida nyingine: kivumacho hutulia. Upepo huvuma ukakata, na ngoma, kwa mujibu wa methali, ikivuma sana hupasuka. Wasiwasi uliomo katika msemo wa Kiingereza, kwamba taa itahamia kwa mwingine, umo pia humu, tena bila ya kuutia kwa nguvu.

Pingamizi lipo. Yaweza kusemwa kwamba kanga ni kitu cha kutazamwa, na kwamba Biashara Street, mtaa wa maduka ya kanga na vikoi katika kisiwa cha Mombasa, ni ushahidi kuwa Mswahili naye hujitangaza kwa macho. Pingamizi hili lastahili kujibiwa kwa makini, maana lina nusu ya ukweli. Kanga ina pindo, ina mji, na ina maandishi, na maandishi hayo huitwa "jina". Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo alama yake ya "Mali ya Abdulla" huchapwa ukingoni mwa kanga, husimuliwa kuwa ndilo lililoanzisha majina hayo mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Mteja huangalia rangi, lakini hulisoma jina. Kanga nzuri yenye jina baya haipelekwi kwa mkwe. Kuisoma kanga ni kama kumsikia mtu akisema.

Zaidi ya hayo, jina la kanga laweza kuonekana na mtaa mzima huku mwenye neno akibaki pembeni. Akiulizwa, atajibu kwamba yeye alinunua nguo tu. Kilichojitokeza hadharani ni neno, mtu hakumulikwa. Taa ya Covent Garden haina nafasi ya hali kama hii, na hapo ndipo tafsiri ya neno kwa neno inapopotosha hasa, kwa kuwa humsimamisha mwanamke aliyesema kwa kujisitiri mbele ya taa ambayo hakuiomba.

Miongoni mwa majina ya kanga yajulikanayo sana ni "Usisafirie nyota ya mwenzio". Nyota hapa ni bahati ya mtu, kama ilivyo katika falaki, na bila shaka ni nyota ya baharia pia. Kwa kuwa shamba hilo lilikwisha kulimwa, istiari nyingine ya Kiingereza, ile ya "star", iliingia bila ya kelele. "Nyota wa filamu" na "nyota wa kandanda" yamekubaliwa hata na sarufi, ambayo imempa mtu huyu upatanisho wa watu: nyota huyu amestaafu, ilhali nyota ile imezama. Mwangaza haujapata bahati hiyo.

Basi mfasiri hana dawa moja. Mwimbaji aliyerudi "in the limelight" yatosha kuandikwa kuwa "alianza kuvuma tena". Aliyeiepuka hali hiyo maisha yake yote "hakupenda kutajwatajwa". Mwanasiasa anayeitaka kwa kila njia "anajipigia debe", tafsiri iliyo kali kidogo kuliko asili, lakini mara nyingi ni ya haki. Pale habari zenyewe zinapokuwa za uchunguzi, "kumulikwa" litumike, maana hapo ndipo pake. Ama "kuwa kwenye mwangaza", ni vigumu kumfikiria mteja wa Biashara Street akichagua kanga yenye maneno hayo, ila kwa kudhani kuwa ni ya dini.

Inabaki filamu ya Chaplin, ambayo haikubali "kuvuma" hata kidogo. Calvero ni mchekeshaji mzee wa London ya 1914 aliyeachwa na watazamaji wake, na anachokililia ni jukwaa lenyewe pamoja na taa zake. Hapo "Taa za Jukwaa" ndiyo tafsiri, na hasara ya chokaa haimuumizi mtu.