Fani Imemeza Maudhui: Uhakiki wa Chupa ya Blanton's

Darasani tumezoea kuihakiki kazi ya fasihi kwa fani na maudhui. Zana hizohizo nitazitumia kwa kitu kisicho fasihi: chupa ya Blanton's, wiski ya bourbon inayotengenezwa Frankfort, jimbo la Kentucky, Marekani. Hoja yangu ni bei. Mtengenezaji hupendekeza iuzwe chini ya dola 100, lakini wauzaji wa mkono wa pili huidai mara mbili ya hapo na zaidi. Ziada hiyo inalipia nini?

Tuanze na fani, maana ndiyo inayoonekana rafuni. Chupa ni nene, ya pande nyingi, na juu ya kizibo yupo farasi wa madini na mpandaji wake. Vizibo ni vya aina 8, kila kimoja na herufi yake. Ukivipanga vinaunda jina la kinywaji, na farasi anaonekana akikimbia hadi mwisho wa mbio. Ni ujanja wa hali ya juu: mtu mwenye herufi saba haoni kiu tena, anaona pengo.

Kisha kuna lebo: tarehe ya kumiminwa, namba ya pipa, ghala na safu yake. Inasomeka kama cheti cha kuzaliwa, ila cheti hiki kina siku ya kutoka pipani bila siku ya kuingia. Kwa kuwa sheria ya Marekani hudai umri uandikwe kwa bourbon isiyofikisha miaka 4, ukimya huo unatuambia tu kwamba miaka 4 imetimia. Mengine msomaji anakisia.

Maudhui yenyewe ni ya kuheshimiwa. Wiski nyingi huchanganywa kutoka mapipa mengi ili ladha isibadilike. Mwaka 1984 Elmer T. Lee alifanya kinyume: pipa moja, bila kuchanganya. Mahindi lazima yawe angalau asilimia 51 ya nafaka, na pipa liwe jipya, la mwaloni uliounguzwa ndani. Pipa hubeba takribani lita 200, na kila mwaka sehemu yake huyeyuka hewani. Ghala H, zinamolala, limefunikwa kwa mabati, kwa hiyo joto la kiangazi huingia upesi na kuisukuma wiski ndani ya mbao. Kungoja kuna gharama, hilo silipingi.

Nimeonja kutoka mapipa mawili. La kwanza lilinukia ganda la chungwa na sukari iliyoungua, likashuka kooni taratibu. La pili lilitanguliza pilipili manga, kisha ukavu ukabaki ulimini kama wa chai iliyochemka mno. Waonjaji wengi hushindana kuorodhesha matunda; mimi naona neno letu la kukolea linatosha zaidi, kwa sababu linauliza ladha imeingia kiasi gani. La kwanza lilikuwa limekolea. La pili lilikuwa kali tu. Yote mawili yalikuwa na asilimia 46.5 ya kileo, na bei ileile.

Hapo ndipo soko linapojipinga. Linasifu upekee wa kila pipa, halafu linauza jina. Wapo watakaosema bei ya haki ni ile aliyokubali mnunuzi. Kwa mfanyabiashara, sawa. Mhakiki hawezi kuishia hapo, kwani mnunuzi aliyeiona chupa ameshaionja bei kabla ya kinywaji.

Afadhali mtu mwingine amimine Blanton's na Ancient Age, ndugu yake wa bei nafuu kutoka kiwanda hichohicho na mchanganyiko uleule wa nafaka, katika glasi zisizo na alama. Aongeze maji kidogo kwenye Blanton's, kwa kuwa mwenzake ana asilimia 40 tu na ukali unaweza kudanganya. Tofauti utakayoihisi ndiyo maudhui, na hiyo inastahili kulipiwa.

Kwa pipa la kwanza ningeongeza labda robo juu ya bei ya mtengenezaji. Kwa chupa iliyofungwa, ambayo pipa lake sijalionja, sioni sababu ya kuongeza hata shilingi.