Lipandishe Lushoto Kwanza

Ukitaka kunichokoza, niambie gari fulani ni kali kwa sababu lina farasi mia tatu. Namba hiyo huandikwa na mwenye kuuza. Wajapani walikubaliana, tangu 1989 hadi 2004, wasitangaze gari la mtu binafsi lenye zaidi ya farasi 280, na Nissan Skyline GT-R ikaandikiwa hizohizo 280 ilhali kwenye mashine ya kupimia ilikuwa ikitoa zaidi. Kama karatasi ya kiwandani inaweza kuwa na haya kiasi hicho, ya dalali wa yadi itakuwaje?

Mizani yangu mimi ni Peugeot 504, ile Pijo iliyobeba abiria na mizigo huku kwetu na Kenya hadi ikachakaa. Siyo kwamba ni gari bora kupita yote. Breki zake na kelele zake leo zingechekwa. Lakini ina jambo moja ambalo mengi ya sasa hayana, nitalifikia.

Kwanza simama ubavuni, hatua thelathini hivi, uyatazame magurudumu kabla ya bodi. Gari lililochorwa vizuri huonekana limesimama kwa miguu yake. Lililochorwa vibaya ni kama sanduku lililotupiwa juu ya matairi. Tazama nafasi kati ya gurudumu la mbele na mlango. Ikiwa ndefu, mara nyingi injini imelazwa kwa urefu na gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ikiwa fupi, injini imekaa kimkingamo na magurudumu ya mbele ndiyo yanavuta. Hakuna aibu katika namna zote mbili: Alec Issigonis aliikingamisha injini ya Mini ya 1959, akayasogeza magurudumu hadi pembeni kabisa, na gari la mita tatu likakalisha watu wanne. Aibu ni uongo. Ukiona tundu la hewa kwenye bampa, tia kidole. Kikigonga plastiki, umeshajua tabia ya aliyelichora, nawe uwe macho kwa mengine yote.

504 ilichorwa kwa Pininfarina, na buti lake lina mkunjo wa kushuka ghafla, kama limegongwa kwa nyuma na lori likanyooshwa nusunusu. Nilipokuwa mdogo niliuona ni kasoro. Sasa hata usiku nikiona kivuli chake tu naitambua, na ni magari mangapi ya leo ungeyatambua kwa kivuli?

Ndani sikai sana. Kiti kipimwe baada ya saa mbili, siyo dakika mbili. Kioo cha kugusa hakinihusu. Kitachakaa kabla ya zulia.

Sasa springi, na hapa naomba subira. Siku hizi vijana wengi wanadhani gari gumu ndilo la mbio. Wanakata springi, wanashusha bodi, wanavika rimu kubwa na matairi membamba kama utepe. Nami nilipita huko. Nilinunua gari lenye rimu za inchi 18, nikajiona dereva, na wiki ya pili shimo moja likanipasulia rimu na kunichania tairi kwa pigo moja. Rimu kubwa ikiwa nzito, gurudumu linakuwa gumu kutulia: likirushwa na tuta, shokapu inachelewa kulirudisha chini, na tairi lililo hewani halishiki barabara. Ndiyo maana gari gumu linalotamba kwenye lami safi linakuwa taratibu kuliko gari laini likifika kwenye lami yenye viraka, na lami yetu ina viraka.

504 ilikuwa na springi ndefu, laini, na shokapu zilizojua kazi yake. Gurudumu lilishuka shimoni na kupanda, abiria akasikia habari tu. Kwenye saluni za kawaida kila gurudumu la nyuma lilicheza peke yake. Kwenye stesheni wagoni waliweka ekseli nzima na springi nne, kwa ajili ya mzigo. Ilipata ushindi wa Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na Safari ya zamani ilikuwa vumbi, matope na mawe kwa maelfu ya kilomita. Ulaini siyo ulegevu.

Kipimo chake ni rahisi. Vuka tuta taratibu, sikiliza kiuno. Bodi inyanyuke mara moja, itulie mara moja. Ikinesa mara ya pili na ya tatu, shokapu zimekufa. Ikikupiga mgongoni, springi ni ngumu mno. Kisha pita kwenye rasta za barabara kuu: gari zuri linavuma, bovu linagonga meno.

Usukani nao ulizwe swali moja: kona inapokaza, unakuwa mzito mkononi kidogokidogo? Unapaswa kukuambia tairi limebakiwa na nini. Mazda MX-5 ya 1989 haikufika tani moja wala haikuwa na nguvu za kutisha, lakini mkono ulijua kila kitu. Uzito ni adui wa yote: wa kona, wa mafuta, na hasa wa breki. Mwendo nao ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki zishike unakuwa karibu mara nne, na mteremko hausamehi hesabu. Ukishuka milimani, shusha gia mapema. Breki zikianza kunuka umeshachelewa.

Na injini? Isikie, lakini usiiamini sana. Ule mngurumo wa kubishabisha wa Subaru za zamani, ambao vijana wa Nairobi wanautambua mitaa miwili mbali, kwa sehemu kubwa unatokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu. Ni mtamu, nakiri. Nguvu ni habari nyingine.

Jaji wangu wa mwisho hajui kuendesha. Ni mama, kwenye kiti cha nyuma, njia ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, kona juu ya kona. Dereva ana usukani wa kushikilia na anaiona kona inakuja. Aliyekaa nyuma anapokea tu alichopewa. Gari langu la rimu kubwa lilimshusha Soni, akatapika kando ya barabara, akaniuliza kama nimelipia pesa zote zile kwa hiari yangu. Kwenye 504 ya mjomba alilala tangu Mombo, tukamwamsha sokoni.