Jinsi Contra ilivyowabeba wapiganaji wawili ndani ya kilobaiti 2

Redio, simu na televisheni nyingi zinazouzwa Butembo, mashariki mwa Kongo, hupita njia moja: kiwanda cha Asia, bandari ya Mombasa, Kampala, forodha ya Kasindi, Beni, kisha kilomita hamsini na kitu hadi madukani. Wafanyabiashara wa mji huo wamejijengea jina kwa kujua namna ya kupakia kontena pasibaki pengo. Waliotengeneza Contra, mchezo wa kampuni ya Konami ya Japani, walikuwa wapakiaji wa aina hiyohiyo. Shehena yao ilikuwa namba tu, na kontena lenyewe lilikuwa dogo kupita kiasi.

Contra ilianza mwaka 1987 kwenye mashine kubwa za kumbi za michezo. Februari 1988 iliingia majumbani kupitia mashine ya Nintendo, iliyoitwa Famicom huko Japani na NES huko Marekani. Wapiganaji wake, Bill Rizer na Lance Bean, wanapita msituni, kwenye maporomoko ya maji na kwenye theluji, hatua 8 kwa jumla, wakipiga kila kinachosogea. Watu wawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye kioo kimoja, na hapo ndipo ufundi wake ulipo.

Famicom ilitoka Julai 1983. Prosesa yake, ya ukoo wa 6502, huenda kwa mizunguko takribani milioni 1.79 kwa sekunde, na kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 2. Televisheni ya Japani au Marekani huonyesha picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha hupata mizunguko isiyofika 30,000. Ndani ya mizunguko hiyo programu isome maneti (vidhibiti vya mkononi) zote mbili, isogeze maadui, ikague risasi ipi imempata nani, ipige muziki na kuandaa picha inayofuata. Anapoingia mchezaji wa pili, mashine haiongezewi hata baiti moja.

Kwanza walibana michoro. Bill na Lance wana mchoro uleule, kinachowatofautisha ni rangi. Kila kitu kinachotembea kwenye Famicom huundwa kwa vipande vidogo vya pikseli 8 kwa 8, au 8 kwa 16, na kila kipande huelezwa kwa baiti 4 tu: kimo chake kwenye kioo, namba ya mchoro, maelezo, na umbali wake kutoka kushoto. Ndani ya baiti ya maelezo, biti 2 huchagua moja ya seti 4 za rangi. Zikibadilishwa, suruali ya buluu inakuwa nyekundu na Lance amepatikana bila kuchorwa upya. Biti nyingine hugeuza kipande kushoto au kulia, kwa hiyo mwendo wa upande mmoja hutosha kwa pande zote mbili.

Kubana huko kuliwafaa zaidi kwa sababu ya kaseti iliyobeba mchezo. Toleo la Marekani lina kilobaiti 128, ilhali prosesa huona kilobaiti 32 tu za kaseti kwa mara moja. Kaseti imegawanywa mafungu 8 ya kilobaiti 16: fungu moja hukaa palepale siku zote, mengine hupokezana nafasi iliyobaki. Michoro imefinywa, na hatua inapoanza hukunjuliwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu ya picha ya kilobaiti 8. Toleo la Japani lilipewa chipu bora zaidi, na tofauti huonekana kwa macho: minazi ya hatua ya kwanza inayumba kwa upepo, na kati ya hatua moja na nyingine kuna picha za hadithi ambazo Wamarekani hawakuziona.

Ugumu ulibaki kwenye mistari ya kioo. Famicom huweza kuonyesha vipande 64 kwa jumla, lakini visizidi 8 kwenye mstari mmoja wa mlalo. Vipande 8 vya pikseli 8 ni pikseli 64, yaani robo ya kioo chenye upana wa pikseli 256. Wapiganaji wawili wakilala kifudifudi bega kwa bega, adui akaja kwenye usawa wao na risasi zikapita, nafasi zimekwisha. Kipande cha tisa hakichorwi.

Jibu la watengenezaji wa Contra ni kubadilisha mpangilio wa vipande kutoka picha moja hadi nyingine, ili anayekosa nafasi sasa aipate mara inayofuata. Ndiyo maana vitu hupepesa vita vinapokolea. Wengi hudhani mashine imechoka. Kupepesa huko ndiko kunakoiokoa risasi ya adui isipotee kabisa machoni pa mchezaji, kwani risasi isiyoonekana ingeua kwa dhuluma.

Kioo nacho kina sheria zake. Chipu ya picha ina mandhari moja tu ya nyuma, na mandhari hiyo huviringishwa upande mmoja kwa wote. Kumpa kila mchezaji sehemu yake ya kioo, kama GoldenEye 007 ilivyowafanyia watu wanne kwenye Nintendo 64 mwaka 1997, kungeligharimu Famicom kuliko uwezo wake. Basi Konami wakaufanya udhaifu huo kuwa kanuni ya mchezo. Kwenye maporomoko ya hatua ya 3 kioo hupanda na anayepanda, na anayeachwa chini ya ukingo hufa. Mwenye haraka humuua mwenzake bila kumpiga risasi. Na aliyemaliza maisha yake yote anaweza kuchukua moja la mwenzake akarudi vitani. Kila mmoja huanza na maisha 3, hivyo inabidi watu wazungumze.

Hesabu ya picha 60 ilisumbua na kwingine: nakala nyingi za Famicom zilitengenezwa Taiwan na China bila kibali cha Nintendo, na mafundi wake walikuwa na tatizo lao. Kongo, kama karibu Afrika nzima, ina umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, na televisheni za nchi kama hizo zilionyesha picha 50 kwa sekunde. Nakala zilizolengwa soko hilo zililinda uwiano wa zamani kati ya prosesa na chipu ya picha, kisha zikaongeza mistari mitupu mwishoni mwa kila picha. Mchezo wa Kijapani ulikubali bila kurekebishwa, ila mwendo na muziki vilipungua kwa moja ya sita.

Mzazi wa Beni, mji ambao maeneo yake yamezika watu wengi tangu mauaji ya Oktoba 2014, ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto acheze bunduki. Swali hilo Ulaya iliwahi kulijibu kiufundi. Mwaka 1990 mchezo huu uliuzwa huko kwa jina la Probotector, na wapiganaji pamoja na maadui wengi wakiwa roboti. Michoro ilibadilishwa, lakini kuruka, kulenga, hatua na ugumu vilibaki vilevile. Anayetaka kuufundisha ufundi wa Contra hahitaji basi kuchora askari hata mmoja.

Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu 1989, na Beni ina chuo kikuu cha UCBC tangu 2007. Programu za Mesen na FCEUX, zinazopatikana bure, huigiza Famicom kwenye kompyuta ya mtumba na kuonyesha vipande 64 vikibadilishana nafasi mchezo ukiendelea. Asembla ya lugha ya 6502, ca65, nayo ni bure. Walimu wa kompyuta wa miji hii miwili wawape wanafunzi zoezi moja: mchezo wa watu wawili, kilobaiti 2 za kumbukumbu, vipande 8 kwa mstari, na mada wanayoijua wenyewe, iwe soko, barabara ya Kasindi au mpira. Atakayelimaliza atajua vizuri zaidi kuandika programu ya simu ya bei nafuu kuliko aliyezoea mashine kubwa.